Damu Katika Chokaa: Hadithi za Mizimu ya Dunga na Beit al-Ajaib

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi hadithi moja ilivyofungamana na majengo mawili makubwa ya utawala katika kisiwa cha Unguja, yaani Kasri la Dunga na Beit al-Ajaib, na kisha kuuliza hadithi hiyo inashuhudia nini. Hadithi yenyewe ni fupi. Husimuliwa kwamba watumwa walizikwa katika misingi ya majengo hayo, kwamba damu yao ilichanganywa na chokaa ili kuta zipate nguvu, na kwamba mizimu yao haijatulia hata leo. Msomaji aliyekulia mbali na pwani, mathalan katika uwanda wa Kano, baina ya Ahero na Awasi, huenda akaliona hili kuwa jambo la Waunguja peke yao. Tutajaribu kuonyesha kwamba mila za Kano zinatusaidia sana kulielewa.

Majina ya wafu

Kiswahili hakina neno moja tu la kumtaja mfu anayerudi. Mzuka hutokana na kitenzi kuzuka; kwa hiyo neno hilo lataja tokeo lenyewe, kitu kilichojitokeza pasipotarajiwa. Mzimu una uhusiano na kuzimu, makao ya wafu. Tena katika visiwa vya Unguja na Pemba neno hilo hutumika pia kwa mahali penyewe, kama vile pango au mti mkubwa, ambapo watu hupeleka ubani na sadaka. Pepo na jini ni viumbe vya namna nyingine, ambavyo havikuwa watu tangu asili. Basi tusemapo “mizimu ya Dunga” tunawataja wafu na mahali kwa pamoja, na muungano huo wa mtu na mahali ndio kiini cha mada yetu.

Tukiigeukia lugha ya Dholuo, tunakuta mgawanyo mwingine wa maana. Tipo ni kivuli cha mtu na pia ni roho yake. Ndiyo maana katika masimulizi ya Luanda Magere, shujaa wa Kano ambaye mwili wake haukupenyeka kwa silaha, adui walimshinda walipokichoma mkuki kivuli chake. Jachien ni mfu aliyedhulumiwa, anayerudi kuwasumbua walio hai hadi haki yake itimizwe. Kando ya ziwa husikika pia habari za nyawawa, roho zinazopita na upepo wakati wa jioni, na watu hupiga makopo na masufuria ili zipite zisibishe hodi. Ikumbukwe kwamba roho hizi zote hazikai katika nyumba. Jachien huwafuata watu, na nyawawa ni wapita njia.

Kasri la Dunga

Dunga iko katikati ya kisiwa cha Unguja, kwenye njia itokayo mjini kwenda Chwaka. Hapo ndipo Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmad alipojenga kasri lake kati ya miaka ya 1846 na 1856. Mwinyi Mkuu alikuwa mtawala wa asili wa Wahadimu, na alama za enzi yake zilikuwa ngoma na siwa. Lakini wakati kasri lilipojengwa, enzi hiyo ilikuwa imekwisha kubanwa. Sultani Seyyid Said alikuwa amehamishia makao yake Unguja kutoka Maskati, na Mwinyi Mkuu alibaki kuwa mkusanyaji wa kodi na msimamizi wa kazi za lazima, akimpelekea Sultani sehemu ya mapato. Jina Wahadimu lenyewe linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mtumishi. Kwa hiyo katika utawala huo palikuwa na watu wa namna mbili waliofanya kazi bila hiari: raia waliotozwa kodi na nguvu zao, na watumwa walionunuliwa.

Ni juu ya hawa wa pili hadithi inaposimama. Wasimulizi husema kwamba baadhi yao walifukiwa wangali hai katika msingi wa kasri, na wengine waliuawa ili damu yao itiwe katika chokaa. Husimuliwa vilevile habari za kisima kilichokutwa na mifupa ya watu. Nasaba ya Mwinyi Mkuu haikudumu katika nyumba ile. Muhammad alifariki mwaka 1865; mwanawe Ahmad alifariki mwaka 1873, na cheo hicho kikakoma. Kasri likawa gofu, na gofu likabaki na sifa ya mahali pasipopitwa usiku.

Beit al-Ajaib

Mwaka huo huo wa 1873, Sultani Barghash bin Said alitia sahihi, kwa shinikizo la Uingereza, mkataba uliopiga marufuku biashara ya watumwa baharini na kufunga soko lao la mjini. Miaka 10 baadaye, yaani mwaka 1883, Barghash huyo huyo alijenga Beit al-Ajaib mbele ya bandari. Halikuwa jengo la kulala. Lilikuwa la sherehe na mapokezi. Nguzo za chuma zilizoagizwa kutoka ng'ambo zilibeba baraza pana za ghorofa zake, milango yake ilinakshiwa kwa aya za Kurani, na madaraja yaliyofunikwa yaliliunganisha na majumba ya jirani, Beit al-Hukm na Beit al-Sahel, ili wanawake wa kifalme wapite bila kuonwa. Lilikuwa miongoni mwa majengo ya kwanza ya Afrika Mashariki kutiwa taa za umeme, na hapo ndipo lilipopata jina lake, Nyumba ya Maajabu.

Historia yake ya baadaye ni historia ya Unguja kwa ufupi. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliyapiga majumba ya Sultani kwa mizinga kwa muda usiozidi dakika 45. Watu wapatao 500 wa upande wa kasri waliuawa au kujeruhiwa, majumba jirani yakaharibiwa vibaya, lakini Beit al-Ajaib likasimama. Tangu mwaka 1911 likawa ofisi za serikali ya kikoloni. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 lilitumiwa na chama cha Afro-Shirazi, na hatimaye likafanywa makumbusho. Mwaka 2012 sehemu ya baraza ilianguka, na tarehe 25 Desemba 2020, wakati wa kazi ya ukarabati, upande wa mbele pamoja na mnara wa saa ukaporomoka. Watu wawili walifariki.

Na juu ya jengo hili pia hadithi ile ile imesimuliwa: kwamba chini ya nguzo zake wamelala watumwa.

Damu na udongo mwekundu

Je, hadithi hii ni ya kweli? Swali hili lataka kujibiwa kwa hatua mbili.

Hatua ya kwanza ni ya ufundi. Majengo ya mawe ya Unguja yalijengwa kwa matumbawe. Chokaa ilipatikana kwa kuyapanga mawe hayo juu ya tanuu la kuni na kuyachoma, kisha ikachanganywa na mchanga na udongo mwekundu. Ukuta wa namna hiyo unapobomoka, ndani yake huonekana wekundu. Mtu aliyekuta gofu la Dunga limepasuka baada ya mvua hakuhitaji kubuni rangi ya damu. Rangi ilikuwapo mbele ya macho yake.

Hatua ya pili ni ya fasihi simulizi. Hadithi ya mtu anayefukiwa ili jengo lisimame husimuliwa katika nchi nyingi. Katika Ugiriki husimuliwa juu ya daraja la Arta, katika Albania juu ya ngome ya Shkodër, na katika Romania juu ya fundi Manole. Basi kuwapo kwa hadithi hiyo Unguja si ushahidi wa kutosha kwamba tendo lenyewe lilitendeka. Lakini tukilinganisha tutaona tofauti kubwa. Katika hadithi hizo za Ulaya anayefukiwa ni mke wa mwashi. Anajulikana ni mke wa nani, anaombolezewa, na yule wa Shkodër ameiachia ngome jina lake, Rozafa. Katika hadithi za Dunga na Beit al-Ajaib anayefukiwa ni “mtumwa”, na hana jina, kabila wala mama. Wasimulizi wetu wameichukua hadithi ya walimwengu wote na kuibadilisha mahali pamoja tu, nalo badiliko hilo ndilo lililo na historia ndani yake.

Kwa nini ukuta?

Hapa ndipo mila za Kano zinapotufaa. Kwa desturi ya Waluo, mfu huweza kumjia jamaa katika ndoto na kudai mtoto mchanga apewe jina lake. Akipewa, ametulia, ana mtu wa kumwita kila siku. Hata jachien mkali ana jamaa wa kuwadai na anajua mlango wa kwenda kugonga. Boma lake la zamani likihamwa huitwa gunda, kuta za udongo humomonyoka, lakini jina limekwisha kuhamia katika mwili mwingine. Wafu wa namna hii hawahitaji jengo.

Mtumwa wa Unguja alikuwa katika hali kinyume cha hiyo. Aliyetekwa bara aliondolewa katika ukoo wake, na jina alilopewa na mama yake aghalabu lilibadilishwa. Msamiati wa zamani wa Kiswahili ulimtaja kwa njia ya upatikanaji wake na kazi yake: mateka, mzalia, mtwana, mjakazi. Alipokufa, hapakuwa na mjukuu wa kumwotesha ndoto. Alichobakiza duniani ni kile ambacho mikono yake iliinua, yaani ukuta. Kwa maoni yetu, hii ndiyo sababu mizimu yake imewekwa humo na wasimulizi: jiwe ndilo jamaa pekee aliyebaki naye.

Tarehe nazo zinaunga mkono maoni haya. Kati ya mwaka 1873, soko lilipofungwa, na mwaka 1897, sheria ilipoacha kuutambua utumwa, umiliki wa watumwa ndani ya kisiwa ulikuwa halali. Beit al-Ajaib lilijengwa katika kipindi hicho hicho, soko likiwa limefungwa na mabwana wakiwa bado mabwana. Vitabu humtaja Barghash kuwa ndiye aliyelijenga. Hadithi inamjibu mwandishi wa vitabu kwamba Sultani hakubeba hata tofali moja la matumbawe.

Hitimisho

Hatuna haja ya kuthibitisha kwamba damu ilimwagwa katika chokaa ya Dunga ili tukubali kwamba hadithi hii inasema kweli. Inasema kwamba jengo la dola lilisimama juu ya watu ambao dola haikuwahesabu, na kwamba hesabu hiyo bado haijafungwa. Jambo hili si la kale tu. Waliofariki tarehe 25 Desemba 2020 walikuwa na jamaa wa kuwalilia, na kifo chao kimeandikwa kwa siku na mwezi. Wale wa mwaka 1883 hawakuandikiwa chochote. Wahifadhi wanaposhughulikia kuta hizi hupima nguzo, boriti na michoro ya milango, na wanafanya vyema. Lakini kama hadithi ya mizimu itaachwa nje kwa kuwa ni ushirikina, itaachwa nje pamoja nayo kumbukumbu pekee ambayo jamii imewawekea wajenzi hao. Wanafunzi wa fasihi simulizi wanayo kazi hapo: kuyakusanya masimulizi haya kwa wazee wa Dunga, Chwaka na Mji Mkongwe kama yanavyosimuliwa, kabla kuta mpya hazijapakwa rangi.