Kiwavi Anayeufungulia Ukungu Mlango wa Zabibu

Ukikuta punje za zabibu zimefungwa pamoja kwa nyuzi nyembamba kama za buibui, na punje moja ina tundu dogo, jua ndani yumo kiwavi. Huenda ni mtoto wa nondo aitwaye Lobesia botrana, mdudu anayesumbua mashamba ya nchi za Mediterania tangu zamani. Nondo mwenyewe ni mdogo, mabawa yakikunjuliwa hayafiki sentimita moja na nusu, tena huruka zaidi jioni, ndiyo maana wengi hawamwoni.

Kwa kawaida huzaa vizazi viwili au vitatu kwa mwaka, kutegemea joto. Viwavi wa kwanza hula maua, wa pili hutoboa punje changa. Wa mwisho ndio wabaya, kwani hukuta zabibu zinaiva na zimejaa sukari. Anachokula kiwavi ni kidogo. Hasara kubwa inakuja baada yake. Maji ya tunda huvuja tunduni, kuvu ikapata pa kuingilia. Ukungu wa kijivu, Botrytis, huozesha kichala. Ukungu mweusi wa jamii ya Aspergillus waweza kuacha okratoksini A, sumu inayohofiwa kuharibu figo, nayo haiishii shambani: hufika hadi kwenye divai na zabibu kavu. Umoja wa Ulaya umeiwekea kikomo cha mikrogramu 2 kwa kilo ya divai.

Mwaka 2009 nondo huyu alithibitishwa katika bonde la Napa, California. Mwaka uliofuata mitego ilinasa zaidi ya 100,000. Pamoja na kupulizia dawa, wakulima walitundika vifaa vinavyotoa harufu ya nondo jike. Hewa ikishajaa harufu hiyo, dume hutangatanga asimpate jike. Maofisa nao waliingia hadi nyuani mwa watu, wakaondoa vichala au kupulizia Bacillus thuringiensis, bakteria anayeua viwavi. Kwangu mimi, hapo uani ndipo vita vilipoamuliwa, kwa kuwa mzabibu mmoja ulioachwa ungerudisha wadudu kwa majirani wote. Agosti 2016 Marekani ilitangaza kwamba ametokomezwa.

Huko Chile, alikogunduliwa mwaka 2008, kazi ya kumdhibiti imekuwa ndefu zaidi.

Yai la nondo huyu halifiki milimita moja, na si rahisi abiria aliyebeba zabibu kuliona. Ndugu msomaji, ukisafiri kutoka nchi zenye nondo huyu, zabibu mbichi na vipandikizi vya mzabibu viache huko huko.