Kufuli Halimjui Muuzaji

Kwa miaka mingi wanunuzi wa mtandaoni walifundishwa jambo moja: ukiona kakufuli kando ya anwani ya tovuti, lipa bila wasiwasi. Mwaka 2023 Google waliliondoa kufuli hilo kando ya anwani kwenye kivinjari cha Chrome, wakaweka alama ya mipangilio. Walieleza kwamba watu wengi wanalichukulia kuwa cheti cha uaminifu, ilhali karibu tovuti zote za kitapeli nazo zinalo.

Kufuli halikuwa linadanganya. Lilisema tu kwamba mazungumzo kati ya simu yako na tovuti yamefichwa, mtu wa katikati hawezi kuyasoma. Hesabu iliyowezesha jambo hilo ilichapishwa mwaka 1976 na Whitfield Diffie na Martin Hellman, na inafaa kuitazama kwa namba ndogo. Simu yako na duka wanakubaliana hadharani kutumia 3 na 17. Simu inachagua siri yake, tuseme 6. Inapiga 3 kwa kipeo cha 6, inapata 729, inagawanya kwa 17, na baki ni 15. Hiyo 15 inatumwa waziwazi. Duka limechagua 7, nalo kwa njia ileile linapata 11 na kuituma. Sasa simu inapiga 11 kwa kipeo cha 6, duka linapiga 15 kwa kipeo cha 7, kila mmoja anagawanya kwa 17, na wote wanabaki na 8. Hiyo 8 haikupita hewani hata mara moja. Namba halisi zina makumi au mamia ya tarakimu, na kuirudisha hesabu hiyo kinyumenyume hushinda hata kompyuta kubwa za leo. Ndiyo maana mtu anayenusa intaneti ya hotelini hapati namba ya kadi yako.

Shida ni kwamba hesabu hii haiulizi aliye upande wa pili ni nani. Cheti cha kawaida cha tovuti huthibitisha jina la anwani tu, na tapeli aliyesajili anwani yake hukipata bure kwa dakika chache.

Hata duka halisi linaweza kuvuja. Mwaka 2018 wezi walipachika mistari 22 ya programu kwenye tovuti ya British Airways. Kuanzia Agosti 21 hadi Septemba 5, abiria aliyebonyeza kitufe cha kulipa alikuwa anatuma taarifa za kadi yake sehemu mbili kwa pamoja: kwa shirika la ndege, na kwa anwani ya wezi iliyoitwa baways.com. Njia zote mbili zilikuwa zimefichwa ipasavyo, kufuli likiwa mahali pake. Walioathirika walizidi 400,000, na mwaka 2020 mamlaka ya taarifa ya Uingereza ililitoza shirika hilo faini ya pauni milioni 20. Zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi hazikuwaokoa. Kanuni za kadi humkataza muuzaji kuzihifadhi baada ya malipo kuidhinishwa, lakini wezi hawa walizichukua palepale zilipoandikwa.

Ndiyo sababu nashauri watu watumie kadi ya mtandaoni isiyo ya plastiki kila wanapoweza. Safaricom na Visa walizindua ya M-Pesa nchini Kenya mwaka 2022, na benki nyingi zina za kwao. Weka kiasi cha manunuzi ya siku hiyo tu. Mwizi akiinasa, atakuta mfuko mtupu.

Anwani nayo isomwe kuanzia kulia, kabla ya mkwaju (/) wa kwanza unaofuata jina la tovuti. Ikiandikwa benkiyako.co.tz.lipa-hapa.com, mwenye tovuti ni lipa-hapa.com, yaliyotangulia ni pambo. Programu ya kutunza nywila inakusaidia zaidi ya macho, kwa sababu inalinganisha herufi kwa herufi. Ikikataa kujaza nywila kwenye ukurasa unaodhani unaujua, usiijaze kwa mkono.

Kwetu Afrika Mashariki kuna hatari ambayo naiona kubwa kuliko kadi. Manunuzi mengi hufanyika WhatsApp na Instagram, na wapo wauzaji wanaoomba picha ya kitambulisho eti kwa uhakika. Usitume. Kadi ya benki hufungwa ikatolewa nyingine. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, utaishi nayo maisha yako yote. Mwenye jina lako, tarehe yako ya kuzaliwa na namba hiyo anaweza kujaribu kurudisha laini yako kwa jina lako, na akifaulu, kila ujumbe wa kuthibitisha malipo unaingia kwake. Angalia pia kwa wakala wa kusajili laini: akikwambia kidole hakijasoma, bonyeza tena na tena, huenda anasajili laini ya pili kwa alama zako. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, kwa Tanzania na pia kwa wateja wa Safaricom Kenya. Usiyoitambua, nenda kaifute. Ujumbe wa kitapeli Tanzania hutumwa 15040.

Simu yako ikipoteza mtandao ghafla huku za wenzako zinashika, usingoje kesho. Azima simu, pigia kampuni yako ya simu wafunge laini, kisha benki. Baada ya hapo badilisha nywila ya barua pepe kabla ya nyingine yoyote, maana nywila zako zote zilizobaki zinaweza kubadilishwa kupitia barua pepe hiyo.