Mama Mwenye Watoto Wadogo Akipata Saratani ya Matiti

Tukisikia kwamba mwanachama ana saratani ya matiti, jambo la kwanza tunalofikiria ni harambee. Siku inapangwa, mgeni wa heshima anaalikwa, pesa zinahesabiwa, kisha kila mtu anarudi shambani kwake. Harambee si mbaya. Lakini matibabu haya huchukua miezi mingi, saa zingine mwaka mzima, na mama mwenye watoto wadogo anaweza kuacha katikati kwa kukosa tu nauli ya safari ya nne, au mtu wa kumwachia mtoto.

Kwanza, kuhusu kuchelewa. Mama anayenyonyesha akihisi uvimbe huambiwa ati ni maziwa yameganda. Mara nyingi ni kweli. Lakini uvimbe usioisha kwa wiki mbili, hata kama hauumi, uonwe hospitalini. Huko watampiga picha, kisha watatoa kinyama kidogo kwa sindano na kukipeleka maabara. Majibu hayo ndiyo yanayoonyesha ni saratani ya aina gani, na ndiyo maana majirani wawili wanaweza kupewa dawa tofauti. Msiwalinganishe.

Matibabu yenyewe ni upasuaji, dawa za kemotherapi, mionzi na vidonge. Wengine hupata yote, wengine baadhi. Dawa za kemo hutiwa kwa mshipa, mara nyingi kila baada ya wiki tatu. Kabla ya kila dozi damu hupimwa, na kama chembe nyeupe zimepungua sana, mama hurudishwa nyumbani angojee. Hapo ndipo hesabu ya kikundi huharibika: nauli imeliwa na dawa hajapata. Mweka hazina, tenga nauli ya safari mbili za ziada tangu mwanzo.

Nywele hutoka wiki mbili tatu baada ya dozi ya kwanza. Hurudi dawa zikiisha, kwa hivyo watoto waelezwe mapema wasiogope.

Jambo lisilongoja ni homa. Dawa hizi hupunguza nguvu ya mwili ya kupigana na magonjwa, hasa karibu wiki ya kwanza na ya pili baada ya dozi. Joto likifika digrii 38, mama aende hospitali usiku huo huo. Asimeze vidonge vya malaria na kungojea asubuhi. Pesa za gari au bodaboda zikae kwa mtu anayeishi karibu naye, si benki. Maji na maziwa yachemshwe. Na mwenye mafua asiende kumwona, atume unga.

Sasa kuhusu mtoto wa kunyonya. Dawa za kemo huingia kwenye maziwa, kwa hivyo ni lazima aachishwe. Mtoto wa miezi minne hajui habari ya dawa. Analia usiku, na mama analia naye, huku matiti yamejaa. Halafu kuna wale wanaosema amekataa mtoto wake! Mwenyekiti, mtembelee mama mkwe umweleze kabla ya dozi ya kwanza, si baada ya maneno kuenea. Mtoto ambaye hajafikisha miezi 6 muuguzi atasema apewe maziwa gani, na hayo ni ghali. Mchango wa kila wiki wa maziwa utamsaidia kuliko blanketi tatu za mara moja.

Mama asishike mimba wakati wa matibabu. Yeye na mume wake wazungumze na daktari, maana sindano na vidonge vya uzazi vyenye homoni havimfai.

Saratani haiambukizi. Anaweza kula sahani moja na watoto na kuwapakata, hata siku aliyopigwa mionzi ya mashine, kwa kuwa mionzi hiyo haibaki mwilini.

Baada ya upasuaji mkono wa upande ule unaweza kufura. Wiki za kwanza asibebe mtungi wala kuni, lakini afanye mazoezi aliyofundishwa, ama bega litakakamaa. Gawaneni zamu za maji na kupalilia.

Mashine za mionzi ziko katika miji michache, kama Nairobi, Eldoret, Nakuru na Mombasa. Mionzi hupigwa kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki tatu au zaidi. Kwa hivyo ulizeni mapema: atalala kwa nani, na watoto watalala kwa nani?

Kuhusu malipo, NHIF ilimalizika mwaka wa 2024 na sasa ni SHA. Kadi ya zamani haisaidii. Ajiandikishe upya, na asiye na mshahara hulipa ada ya mwaka mzima. Kikundi kinaweza kumlipia. Hata hivyo bima hiyo ina kiwango chake, kwa hivyo aulize ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mapema, kabla bili haijamlemea.

Akimaliza hayo yote, akina mama wengi hupewa vidonge vya kumeza kila siku kwa miaka 5 au zaidi. Wakati huo amenawiri, anauza nyanya sokoni, na ni rahisi kuviacha. Chagueni mmoja wenu, rafiki yake wa kweli, awe akimuuliza kila mwezi kama vimebaki vingapi.