Mifupa ya Wazazi, Riziki ya Watoto

Katika China ya kale, kumzika mzazi hakukuwa kumsitiri tu. Iliaminika kwamba ardhini hupita nguvu ya uhai, chi, na kwamba mifupa ikilazwa pale chi inapokusanyika, baraka huwafikia watoto na wajukuu: uzazi, vyeo, mali. Ikilazwa pabaya, ukoo hudhoofika.

Kitabu cha Maziko, ambacho mapokeo humnasibishia Guo Pu (276–324), chafundisha kwamba upepo hutawanya chi na maji huizuia. Kwa hiyo kaburi bora huegemea mlima upande wa kaskazini. Mashariki pawe na safu ya vilima iitwayo Joka, magharibi nyingine iitwayo Chui-milia, zikilikumbatia. Kusini pawe wazi, na maji yapite polepole kwa kupindapinda.

Bonde la namna hiyo lilichaguliwa mwaka 1409 chini ya mlima Tianshou, kaskazini mwa Beijing, kwa ajili ya mfalme Yongle. Hatimaye wafalme 13 wa nasaba ya Ming walizikwa humo. Malkia Xu, mkewe Yongle, alifariki mwaka 1407, lakini alizikwa huko mwaka 1413.

Kusubiri huko hakukuwa kwa wafalme peke yao, na hapo ndipo imani hii ilipoumiza watu. Majeneza yalikaa miaka bila kuzikwa huku ndugu wakigombana, kwa kuwa kila kilima kilidhaniwa kumpendelea mtoto fulani. Maiti alinyimwa ardhi kwa jina la kumheshimu.

Wachina wenyewe waliliona hilo. Mwanahistoria Sima Guang (1019–1086) alisimulia kwamba ukoo wake ulipokataa kuzika bila mwaguzi, kaka yake alimwahidi mwaguzi mmoja sarafu 20,000 ili aseme atakavyoambiwa. Kaka akapanga mwenyewe siku, upana na kina cha kaburi. Mwaguzi akathibitisha kwamba yote ni heri tupu, na jamaa wakafurahi. Baadaye kaka huyo alifika miaka 79 na cheo kikubwa.

Ninayemwona mwenye busara zaidi ni mwanafalsafa Cheng Yi (1033–1107). Yeye aliwataka watu wahakikishe mambo matano: mahali pa kaburi pasije pakawa barabara, ukuta wa mji wala mtaro, pasinyakuliwe na wenye nguvu, wala pasipitiwe na plau.