Ski ndefu haifae kila mutu

SANDOA — Hapa kwetu baridi ya mwezi wa sita inapita bila theluji, na wengi wetu tunajua ski kwa televizio tu. Lakini familia za mingi za Lualaba ziko na mutoto ao ndugu Bulaya, na kule Ubelgiji masomo fulani yanapeleka watoto ku milima wakati wa theluji. Halafu simu inalia: "Papa, minaomba feza ya kununua ski." Hata wachuuzi wetu wenye kwenda kuchukua bintu Dubai wanakuta, ndani ya Mall of the Emirates, mulima wa theluji wenye kufunguliwa tangu 2005, na inje jua inachoma.

Mbele ya kutuma feza, uliza jambo moja: anajua kuteremuka kiasi gani leo? Hapana mwaka kesho. Leo.

Ku mine, mutu wa mupya hapewe benne kubwa siku ya kwanza. Ski ni vile vile. Simamisha ski pembeni ya mutu: kwa mwenye kuanza, ncha ifike kati ya kidevu na pua. Mwenye kujua kugeuka bila kuanguka, ipande mupaka kwenye kipaji. Mwenye mbio, ilingane na kichwa ao kupita. Ski fupi na laini inageuka mbio na inasamehe. Ile ndefu na ngumu inataka mwendo. Kama hauna mwendo, inakubeba fasi inapenda yenyewe.

Vijana wanaona picha za Sabrina Simader, mwenye kuzaliwa Kilifi, Kenya, mu 1998, akaenda Austria akiwa na miaka 3, na mu 2018 akashindana Pyeongchang ku Olimpiki. Ku mashindano ya super-G, ski za wanawake zinafika metre 2 hivi. Lakini yeye alianza akingali mutoto mudogo. Na Mukenya mwenzake Philip Boit, wa Nagano 1998, alitumikisha ski ingine kabisa: nyembamba, kisigino huru, ya kukimbilia musafara murefu. Muuzaji akikupa ile kwa kuteremukia mulima, katala.

Bote ndiyo ya kuangalia zaidi, hata mbele ya ski. Inapimwa na santimetre za muguu. Ukisimama wima vidole viguse mbele kidogo. Ukikunja magoti virudi nyuma, na kisigino kisipande. Soksi moja tu, hata kama kuko baridi. Iko pia na numero ya ugumu: mwenye kuanza 60 mupaka 80 hivi inamutosha, wa mashindano wanavaa 130 na kupita.

Sasa kifungo, kile kinashika bote juu ya ski. Fundi anakifunga kufuatana na kilo, urefu, miaka, urefu wa soli, na namna unateremuka: polepole, kiasi, ao mbio. Hapo ndipo vijana wanadanganya, juu ya haya mbele ya wenzao. Fundi anaandika "mbio", anakaza. Siku ya kuanguka kifungo hakifunguke, muguu unageuka pamoja na ski, goti linakatika ao mufupa wa muundi unavunjika. Na mwenye kutuma feza ya hospitali, munamujua.

Kwa hiyo mwenye kuanza akodi, asinunue. Kipimo chake kitabadilika, na mutoto anakomaa. Ski za okazio zenye vifungo vya zamani, mafundi wengine wanakatala hata kuvigusa.

Kwa mwenye hamu lakini hana viza ya Bulaya: kuko Afriski, mu milima ya Maluti, Lesotho, ku metre 3.000 na zaidi. Madereva wetu wa kamio wenye kushuka Afrika ya Kusini wanajua sehemu kubwa ya njia. Theluji inafanya kazi mwezi wa sita mupaka wa munane, na kule pia wanakodisha ski na bote.