Udongo Uliopeperushwa

Leo twataka kuwaeleza jinsi nchi tajiri ilivyopoteza udongo wake. Wakati wa vita vya 1914 mpaka 1918 bei ya ngano ilipanda sana. Wakulima wa Marekani katika mbuga za Kansas, Oklahoma na Texas wakalima nchi iliyofunikwa na majani tangu kale. Vita vikaisha, bei ikashuka. Nao, ili walipe madeni yao, wakazidi kulima.

Mwaka 1931 ukame ukaanza. Ngano ikakauka, na mizizi ya majani, ambayo ndiyo iliyoushika udongo, haikuwako tena. Upepo ukauinua. Tarehe 14 Aprili 1935 wingu la vumbi liligeuza mchana kuwa usiku. Watu wengi wakaacha mashamba, wakahamia California kutafuta kazi.

Mwezi ule ule serikali ilitoa sheria ya kuhifadhi udongo. Wakulima wakafundishwa kulima kwa kukingama mteremko, kupanda miti ya kuzuia upepo, na kurudisha majani.

Mwaka 1939 mvua zilirudi. Lakini udongo uliochukuliwa na upepo haukurudi. Basi tusingoje vumbi ndipo tuutunze wetu.