Kabla mtoto hajaogelea Dunga, afunzwe kuelea

Jumapili jioni umeketi zako Dunga. Samaki yuko mezani na picha ishapigwa. Mita chache kutoka ulipo, watoto wa shule wanajirusha majini kando ya mashua. Sasa jiulize: mmoja wao akizama saa hii, utafanya nini?

Tuambiane ukweli. Wengi wetu tumekulia Kisumu na hatujui kuogelea. Nyumbani tuliambiwa tu, "Usikaribie ziwa!" Lakini kumkataza mtoto si kumfunza. Iko siku ataenda tu.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, wengi wao wakiwa watoto na vijana. Linashauri watoto wa kuanzia miaka 6 wafunzwe kuogelea, usalama wa majini na namna ya kuokoa bila kujihatarisha.

Somo la kwanza si mbio. Ni kutoa pumzi uso ukiwa majini, kulala chali na kuelea bila kupaniki, kisha kugeuka na kurudi ulikotoka. Mtoto afunzwe kwenye maji yasiyopita kiuno, huku mtu mzima anayejua kuogelea akiwa karibu naye, simu ikiwa mfukoni.

Ukipata bwawa, anzia huko. Dunga kuna matope, mafunjo, magugu maji yanayonasa miguu, na viboko. Kichocho nacho kiko ziwani. Na mtoto akipanda mashua, hata kwa safari fupi, avae jaketi la kuokoa maisha linalomtosha, lifungwe barabara. Jaketi la baba litamvuka kichwani.

Methali husema mfa maji haachi kutapatapa. Usiisubiri hiyo. Mara nyingi mtoto anayezama hapigi kelele wala hapungi mkono. Mdomo unazama na kuibuka, basi. Ndani ya dakika chache amekwisha.

Ukimwona, usijirushe majini. Wengi hufa hivyo, wawili badala ya mmoja. Ita msaada kwa sauti. Lala kifudifudi ukingoni umnyooshee kasia au fimbo. Akiwa mbali, mtupie kamba, au mtungi mtupu wa plastiki uliofungwa kifuniko vizuri; ataukumbatia na kuelea. Hii hata mtoto wa darasa la nne anaweza kuifanya, kwa hivyo mfunze.

Kila Julai 25 ni Siku ya Kuzuia Vifo vya Kuzama Duniani. Usingoje ifike. Kama una mdogo wako, mtafutie mwalimu, na wewe mwenyewe ingia majini naye. Hakuna aibu kuanza na miaka 23.

Na Jumapili ijayo ukifika Dunga, kabla hujaagiza samaki, angalia kwanza mtungi na kamba viko wapi.